Sikusikia Alichosema Kukhu Wako

Nekesa,

Mama yako amekwisha kukuambia habari ya chandarua, maji ya kuchemsha na jua la Lodwar, kwa hiyo mimi nitayaacha hayo. Mvua imetutoa shambani saa nane. Barasa, yule ninayelala naye chumba kimoja hapa kambini, anashuka Webuye jioni hii kumwona mtoto wake, na amekubali kupita Matulo akupe karatasi hizi. Nimemwambia akupe mkononi, asiziache mezani. Akaniuliza, "Kwani ni barua ya mahari?" Nikamwambia ni barua tu.

Jambo lenyewe nitalisema mapema, maana nikizunguka sitalisema. Ile video ya kukhu wako uliyonitumia siku mbili kabla hajafa, sikuisikia. Picha ilikuja, sauti haikuja. Nilimwona mama yangu akifungua mdomo na kuufunga kwa dakika saba. Halafu ukanipigia simu ukauliza kama nimesikia, nikasema nimesikia. Sijui alichosema. Mpaka leo sijui.

Soma tena hapo kama unataka. Kisha endelea, kwa sababu kuna sehemu inayohusu kazi unayokwenda kuanza, na hiyo haiwezi kungoja.

Unakumbuka zilikuwa siku za kung'oa maua. Katika shamba la mbegu mahindi hupandwa kwa mistari, ya kike na ya kiume. Ile ya kike lazima ing'olewe ua la juu kabla halijafunguka, mmea kwa mmea, kila siku, mpaka umalize kipande. Ukiacha maua ya mistari miwili kwa siku mbili, mbegu ya kipande kizima imeharibika. Kwa hiyo siku hizo hakuna anayetoka. Nyapara alitupanga asubuhi akasema, "Mwenye msiba aniambie baada ya maua." Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia. Nilijua mama anaumwa, lakini alikuwa ameumwa miaka mitatu na kila mara akaamka.

Video ikaingia saa ya chakula. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa mtaro na sufuria ya githeri. Niliongeza sauti mpaka mwisho. Nikaweka simu sikioni. Nikaingia nyuma ya trekta mahali pasipo na upepo. Hakuna kitu. Nilikuwa bado naipigapiga kwa kiganja ulipopiga simu.

"Baba, umeipata?"

"Nimeipata."

"Yote? Ilikuwa kubwa, baba, nimeikunja mpaka ikawa ndogo kabisa. Umeisikia?"

Ulikuwa na furaha na kilio kwa wakati mmoja, nilikusikia. Ile ilikuwa mara ya kwanza programu yako ya simu, ile ya kukunja video, kubeba kitu cha nyumbani. Na kabla sijajibu nikasikia mama yangu nyuma yako, sauti ndogo kama ya mtu aliye chumba cha pili, akiuliza kwa Kibukusu kama nimesikia. Ndugu yangu Wafula akamwambia angoje kidogo. Nilisikia pumzi yake. Unajua ilivyokuwa ile pumzi. Nikafikiri, nikisema hapana watamfanya aseme tena yote, na hana nguvu ya kusema tena.

Nikasema, "Nimesikia. Mwambie nimesikia."

Ukamwambia. Akasema, "Haya basi."

Hilo ndilo neno lake la mwisho nililolisikia. Sijutii kwamba alilisema akiwa ametulia. Ninachojutia ni yote yaliyofuata, kwa sababu ningeweza kukupigia jioni ile ile, ukiwa peke yako, nikakuuliza. Sikupiga. Nilirudi kwenye mistari. Jumamosi Wafula akapiga kusema mama amekwenda.

Kwetu maneno ya mtu anayekufa hayarudiwi ovyo. Aliyeambiwa ndiye anayeyabeba, na wengine humtazama tu kama anayabeba vizuri. Nilitegemea kwamba pale mazishini mtu atayataja. Hakuna aliyeyataja. Wafula alinishika mkono karibu na kaburi akasema, "Yale mama alikwambia sasa ni juu yako." Nikaitikia kwa kichwa. Ningesema wakati ule ingekuwa aibu ya siku moja. Niliitikia kwa kichwa, ikawa ya miaka miwili.

Nimebahatisha, mwanangu. Nilipojengea kaburi saruji na kuweka msalaba wa chuma, nilidhani huenda ndilo hilo, maana wazee wengi huwaza kaburi. Wafula alilizunguka, akasema, "Ni nzuri. Lakini si hili mama alisema." Nikasema najua, hili ni langu tu. Halafu nikaezeka upya nyumba yake, na mama yako akaniuliza nani atalala humo. Nikampelekea shangazi yako kondoo, nikidhani labda ni ule ugomvi wake wa zamani na kukhu. Shangazi yako alimpokea kondoo, akanitazama kama anayemtazama mlevi.

Na wewe. Krismasi iliyopita uliniletea chai nje, ukasimama.

"Baba, bado?"

"Bado."

"Utafanya lini?"

"Mwakani, Mungu akijalia."

Sikujua tunazungumza juu ya nini. Ulichukua kikombe kabla sijamaliza chai. Tangu siku hiyo ukinipigia unauliza hali na kukata. Jumapili hii mama yako ameniambia, "Huyu mtoto anaondoka na moyo mzito. Ati kukhu alimwomba baba kitu kimoja tu, na baba amekipuuza." Nikamuuliza kitu gani. Akasema, "Si wewe unajua." Salio likaisha hapo.

Ningeweza kumwambia mama yako kwamba sijui, nikamaliza. Nilikuwa na neno mdomoni. Lakini ni wewe uliyeshika ile simu, na ni wewe unayeondoka ukidhani baba yako ni mtu anayeambiwa na mama yake anayekufa na asifanye. Mimi nina makosa mengi. Hilo silo mojawapo.

Sasa sehemu ya kazi.

Kwa muda mrefu nilidhani ni simu yangu. Kioo kimepasuka, na imeanguka kwenye matope zaidi ya mara moja. Mwezi uliopita tulipewa siku moja ya kwenda Kitale, nikaipeleka kwa Hamisi, fundi wa simu mwenye kibanda karibu na msikiti. Ni kijana mwenye maneno mengi, lakini mikono yake ni mizuri. Nikamwambia spika imekufa, haitoi sauti ya video moja.

"Moja tu? Na zingine?"

"Zingine zinatoa."

"Basi mzee, spika yako ni nzima. Inaimba kuliko wewe. Nionyeshe hiyo moja."

Akaichomeka kwenye kompyuta yake. Aliangalia, akaacha kuchekacheka. Akaniuliza ni nani huyo, nikamwambia ni mama. Akasema, "Pole. Hapa hakuna sauti. Haijafichika, haimo kabisa." Akauliza ilirekodiwa na simu gani. Nikamweleza nilivyokumbuka: kwamba simu yako siku hiyo ilikuwa inachajiwa kwa jirani, mama alipoanza kusema mkashika ile ya mama yako ya vibonye, na baadaye ukatoa kadi ya kumbukumbu ukaiweka kwenye simu yako ili programu yako iikunje na kunitumia.

Hamisi ana programu yako. Sikuwa nimemwambia ni ya mtoto wangu. Alichukua simu ya vibonye kutoka kwenye droo, akarekodi video akisema, "Moja mbili, mzee wa Bungoma amenuna," akaipitisha kwenye programu yako. Ikatoka kimya. Akarekodi maneno yale yale kwa simu yake mpya. Ikatoka ikisema. Alirudia mara tatu.

"Aliyetengeneza hii alitumia laibrari ndogo," akasema.

Nilijua neno hilo kwa sababu yako. Ulinieleza Krismasi ile ya kabla kukhu wako hajafa, tukimenya viazi: kwamba mtu anayetengeneza programu ya simu haandiki kila kitu mwenyewe. Kukunja video ni kazi ngumu ambayo watu wengine wameifanya kwa miaka, wakaiweka wazi, na wewe unaichukua kazi yao unaiweka ndani ya yako. Hiyo ndiyo laibrari. Ukasema umebaki na mbili na huwezi kuamua. Ya kwanza ni nzito, inajua kila aina ya video na kila aina ya sauti, lakini itaifanya programu yako iwe kubwa. Ya pili ni nyepesi, watu wameipunguza, wameacha vile wanavyodhani havitumiki tena. Ulikuwa unaegemea nzito. Ulisema, "Sijui wameacha nini, baba."

Mimi ndiye niliyesema chukua nyepesi. Nilisema watu wa huku simu zao zimejaa, nani atapakua mzigo. Na nikaongeza lingine: kwamba programu ikishakunja video, ile video kubwa ya awali iifute yenyewe, bila kumuuliza mtu, maana watu wetu hawajui kufuta. Mama yako alisema, "Hata wewe hujui kufuta, ndiyo maana unasema." Ukacheka, ukaandika kwenye daftari.

Hamisi alinieleza kwamba simu za zamani huhifadhi sauti kwa namna yao, na simu mpya kwa namna nyingine. Ile nyepesi haijui ile ya zamani. Ni moja ya vitu walivyoacha. Nikamuuliza kwa nini basi haikusema imeshindwa.

"Hapo ndipo ubaya, mzee. Imeshindwa na ikanyamaza. Ikachukua picha, ikaacha sauti, ikaandika 'tayari'. Ikifutwa ile ya kwanza, kwisha."

"Inaweza kurudishwa?"

"Kadi iko wapi?"

Nilimpigia mama yako nikamuuliza habari ya kadi bila kusema sababu. Alisema imejaa nyimbo za kwaya. Alizipata kanisani, karibu mia mbili. Hamisi alisikia, akasema basi nyimbo zimekwisha kuifunika, akakataa kunitoza.

Nimekaa na jambo hili wiki nne. Sikutaka kukuambia. Nilijiambia mtoto anaanza kazi, mwache aende na moyo mzima. Lakini mama yako ameniambia kule Lodwar wamekuchukua kwa sababu ya programu hii hii, wanataka kuiweka kwenye simu za wahudumu wa afya wa vijijini, ili wagonjwa walio mbali waseme wenyewe shida zao kwenye video, ikunjwe, itumwe kwa daktari. Wahudumu wa vijijini wana simu gani, Nekesa? Wana kama ya mama yako. Daktari atamwona mwanamke anafungua mdomo na kufunga. Na ile ya kwanza itakuwa imefutwa, kwa sababu mimi nilisema ifutwe.

Kuna kitu kingine sijawahi kumwambia mtu, nitakiandika hapa kwa sababu ni kosa lile lile. Ulipokuwa darasa la sita nilikuwa mgeni katika shamba hili. Ghalani kulikuwa na magunia mengi ya mbegu, na pembeni machache yenye alama ya rangi nyekundu, yamefungwa vizuri, yana mlinzi wake. Nikafikiri machache na yana mlinzi, basi ndiyo bora. Nilitoka na mbegu zake kidogo kidogo ndani ya gamubuti, siku tano, mpaka zikatosha shamba letu lote la Matulo. Ningemuuliza mzee yeyote wa ghalani angeniambia ni za nini. Lakini mwizi haulizi.

Ilikuwa mbegu ya mistari ya kiume. Kazi yake ni moja, kutoa vumbi la kuzalisha ile mistari ya kike. Ukiipanda peke yake inatoa mahindi mafupi, na gunzi kama kidole gumba. Unalikumbuka lile shamba. Mama yako alisema udongo umechoka. Majirani walisema tumerogwa. Mimi nilisema mvua. Ulikaa nyumbani muhula mzima wa tatu ukichunga ng'ombe wa Wafula, na ukaniuliza kama ni kwa sababu ulianguka hesabu. Sikukujibu vizuri. Haikuwa hesabu. Ilikuwa gamubuti zangu.

Sikuambii haya ili unisamehe kwa mkupuo. Ninakuambia kwa sababu wewe kazi yako sasa ni kuchagua vitu vilivyotengenezwa na watu usiowajua, na mimi nimechagua hivyo mara mbili kwa kuangalia uzito na jinsi vilivyofungwa. Mara zote mbili kulikuwa na mtu karibu ambaye angejibu swali dogo. Hamisi alisema hizo laibrari zina watu wanaozitunza, na ukiwaandikia wakati mwingine wanajibu. Alisema pia zingine zimeachwa, mwenyewe alikwenda zake, na zinaendelea kutumika kama nyumba isiyo na mtu. Wewe unajua haya kuliko mimi. Mimi najua tu kwamba ulisema "sijui wameacha nini," na hilo lilikuwa swali zuri, na baba yako akalizima kwa viazi mkononi.

Waambie hao waliokuajiri siku ya kwanza. Waambie kabla hawajaiweka kwenye simu hata moja. Utaona aibu. Labda watasema hawakutaki tena, sijui watu wa aina gani. Ukifukuzwa, rudi, shamba lipo na mimi nipo. Lakini usisubiri kama nilivyosubiri kaburini, kwa sababu siku ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, na baada ya mwezi unajikuta unajenga saruji usiyoombwa.

Nimeulizwa na Barasa sasa hivi kama naandika kitabu. Nimemwambia angoje nimalizie.

Unajua, silii. Nilitarajia nikiandika nitalia, lakini ni kama mkono uliolaliwa. Ile video nimeitazama mpaka najua pale anapomeza mate, na pale anapoinua kidole, na pale anaporudia kitu, maana midomo inafanya vilevile mara tatu. Katikati anatazama pembeni, nadhani alikutazama wewe. Anatabasamu kidogo. Nimejaribu kuweka maneno yangu mdomoni mwake, nikaona ninajidanganya, nikaacha.

Kesho gari lenu linatoka Webuye saa kumi na mbili, litapita Kiminini, na mtabadilisha Kitale kwenda Lodwar. Nimemwomba nyapara ruhusa ya asubuhi. Maua yameanza. Amesema nikitoka nisirudi. Nimemsikia, na nitatoka. Nitakuwa Kitale kituoni, upande wa magari ya Lodwar, kuanzia saa moja na nusu. Nitavaa koti la kijani.

Kama umekasirika hata kunisalimia hutaki, panda gari lako. Nitakuona kwa mbali na sitakufuata. Lakini ukiweza, njoo tusimame kando, uniambie alichosema. Sitaki kwa simu wala kwa mama yako. Niambie kwa Kibukusu, kama yeye alivyosema, na usikipunguze hata kama ni kizito. Chochote kile, nitakifanya. Kama ni kitu ambacho wakati wake umepita, niambie vilevile, nijue nilichelewa nini.

Nilikupa jina lake, na watu wote wanasema umechukua na sauti yake. Sema polepole. Sikio langu la kushoto siku hizi si zuri, kwa hiyo simama kulia.

Baba yako